Nimepewa farasi wawili na mjomba: je, watakaa salama Mikindani?

MamaWaMikindani aliandika:

Ndugu zangu, nawasalimu. Naomba ushauri wa mtu yeyote aliyewahi kuishi na farasi au kuwatibu, kwa sababu hapa nilipo sina jirani hata mmoja wa kumwuliza.

Mjomba wangu alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba moja chini ya Mlima Kilimanjaro, na alipostaafu alibaki na farasi wake mwenyewe wawili: jike wa miaka 9, wa rangi ya kahawia iliyokolea, na dume aliyehasiwa wa miaka 14, mweupe mwenye madoadoa ya kijivu. Sasa magoti yake yamechoka, na watoto wake wanaishi Dar es Salaam kwenye nyumba za kupanga ambako hata kuku hana pa kulala. Mwezi uliopita alinipigia simu akasema kwamba anataka farasi hao waje kwangu, wasiende kwa mtu mwingine yeyote. Mliozaliwa huku kusini mnajua uzito wa neno la mjomba kwetu sisi Wamakonde. Si jambo la kulijibu kwa haraka, wala si jambo la kulikataa bila sababu ya maana.

Nina shamba la ekari 4 nyuma ya Mikindani, lenye minazi, mikorosho michache, kisima kisichokauka na sehemu ya wazi yenye ukoka. Binti yangu wa miaka 13 alikwenda likizo kwa mjomba mara mbili, na aliporudi safari ya pili alikataa gauni lake lisifuliwe kwa wiki nzima, akisema lina harufu ya yule jike. Nami mwenyewe, nikisema kweli, niliwahi kuwapelekea maji alfajiri moja nilipokuwa huko, na yule dume alipoinua kichwa kutoka kwenye ndoo akanipumulia shingoni, nilisimama pale mpaka jua likachomoza.

Lakini furaha ya siku mbili ugenini si sawa na kufuga. Sitaki kuambiwa tu kwamba inawezekana au haiwezekani. Nataka kujua siku ya mwenye farasi inaanzaje na inaishaje, joto la pwani litawafanya nini, na ni maradhi gani yatakayonikuta nisipojiandaa.

BwanaMifugoMstaafu alijibu:

Mwanangu, umefanya vyema kuuliza kabla lori halijapakia. Nimekuwa bwana mifugo katika wilaya za Lindi na Liwale kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ng'ombe niliowatibu siwezi kuwahesabu, lakini farasi niliowaona huku kusini wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Hilo lina sababu yake.

Sababu ya kwanza ni mbung'o. Ukanda wa misitu ya Liwale hadi Hifadhi ya Taifa ya Nyerere umejaa mbung'o, na ndorobo, yaani ugonjwa wa vimelea vya damu wanaouambukiza, humdhoofisha farasi haraka kuliko anavyodhoofika ng'ombe. Wewe unayeishi Mikindani unayo historia ya jambo hili mlangoni pako. Mwaka 1866 Livingstone alishukia hapo hapo akiwa na ngamia na nyati wa kufugwa aliowatoa India, pamoja na nyumbu (chotara wa punda na farasi) na punda, kwa kuwa alitaka kujua kama wanyama hao wangestahimili mbung'o. Walikufa mmoja baada ya mwingine walipokuwa wakielekea bara kwa njia ya Ruvuma. Lakini wanyama wale walikuwa pia wakipigwa, wakibebeshwa mizigo kupita kiasi na kunyimwa mapumziko, kiasi kwamba yeye mwenyewe hakuweza kusema kwa hakika ni nini kilichowaua. Nimekuwa nikiwasimulia vijana wa kazi habari hiyo, kwa sababu mnyama aliyechoka na mwenye njaa huangushwa na ugonjwa ambao mwenzake aliyeshiba angeumudu.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ule ugonjwa wa virusi unaoitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika. Huenezwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Pundamilia huubeba bila kuonekana kuugua, na punda huumudu kwa kiasi kikubwa, lakini farasi asiyechanjwa akipatwa na aina yake kali ya mapafu, wengi hawaponi. Ataanza kwa homa, kisha pumzi inakuwa nzito, na mwishoni povu linatoka puani; katika aina yake ya moyo utaona vile vishimo vilivyo juu ya macho vinajaa na kuvimba. Dawa ya kuuponya haipo. Iliyopo ni chanjo, nayo hutolewa mapema wakati wa kiangazi kabla usubi hawajaongezeka. Muulize mjomba wako leo hii kama wamechanjwa, lini, na na daktari gani, kisha umwombe akupe maandishi. Wakija bila chanjo, masika moja tu yanaweza kukuachia mabanda matupu.

Kutokana na hayo mawili, nakushauri wasafirishwe kati ya Juni na Agosti. Wakati huo ni mkavu, upepo wa kusi unavuma, na mnyama aliyezoea hewa ya mlimani atakuwa na wiki kadhaa za kuzoea pwani kabla joto la Novemba halijaingia. Wako farasi ambao wakihamishiwa kwenye joto lenye unyevunyevu huacha kabisa kutoa jasho, na farasi asiyetoa jasho huungua kwa ndani. Ukiona umemtembeza, anahema kwa kasi na ngozi ni kavu, mweke kivulini, mmwagie maji mwili mzima na usimpande tena mpaka aonwe na daktari. Kibali cha kusafirisha mifugo ni lazima, na kabla ya kukitoa daktari wa huko atawakagua.

Banda lako liwe na wavu wenye matundu madogo sana, kwa kuwa usubi hupenya kwenye chandarua cha kawaida, na farasi waingie ndani kabla jua halijazama. Watoke asubuhi jua likishapanda.

Sasa niseme neno ambalo wafugaji wa ng'ombe wengi hawalijui, nalo limeua farasi wa watu wema. Usimwogeshe farasi kwa dawa ya kupe yenye amitrazi, ambayo ng'ombe huogeshwa kila siku bila madhara. Kwa farasi, utumbo husimama na kinyesi hukwama. Usimpe chakula cha kuku wala cha ng'ombe kilichochanganywa monensini, dawa ya kuzuia vimelea, kwa sababu hata kiasi kidogo huharibu moyo wake. Na usimruhusu mtu amdunge sindano ya ndorobo kwa kipimo cha ng'ombe kwa kukisia. Mtwara kuna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari, ambako damu inaweza kupimwa, na Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro ndiko wanakosomea madaktari wetu wa mifugo. Tafuta daktari mmoja atakayekubali kupokea simu yako usiku, na umpate kabla farasi hawajafika.

Siwezi kukuambia uwakatae. Nakuambia usiwapokee kabla ya kuyatimiza haya.

SaisiWaZamani alijibu:

Dada yangu, mzee amesema yote ya maradhi na sina la kuongeza hapo. Mimi ni mtu wa Masasi, nilifanya kazi ya kutunza farasi karibu na Arusha kwa miaka 11, na swali lako la siku ya mwenye farasi inaanzaje nitalijibu kwa jinsi nilivyoiishi.

Inaanza kwa kusikiliza. Kabla hujafungua banda, wao wameshakusikia, na yule anayekufahamu atatoa mlio mdogo wa chini kwa puani, ambao si ule wa kelele unaosikika mbali. Siku usiposikia mlio huo, simama utazame. Je, kinyesi cha usiku kipo, na kiko kama kawaida? Je, ameacha chakula? Je, anageuza shingo kutazama ubavu wake, anakwangua ardhi kwa mguu wa mbele, analala na kuinuka? Hizo ni dalili za msokoto wa tumbo, na farasi hana uwezo wa kutapika, hivyo kilichoingia hakina njia nyingine isipokuwa kwenda mbele. Mwondolee chakula, mpigie daktari, na wakati unamsubiri mtembeze polepole kama anakubali kutembea. Nilipoteza farasi mmoja kwa sababu mwenye shamba alisema tungoje mpaka asubuhi. Sijasahau sauti ya kwato zake zikigonga mbao usiku ule.

Kwenu pwani mna hatari moja ambayo kule Arusha hatukuwa nayo sana, nayo ni mchanga. Farasi akimwagiwa majani chini penye mchanga, hula na mchanga pamoja nayo, na mchanga hukusanyika tumboni mpaka unakuwa mzigo. Jengea hori la mbao au la saruji, utandike mkeka wa mpira chini yake, na usiwaache kwenye eneo lililolika hadi mizizi. Ukitaka kujua kama wanakula mchanga, chukua vipande vichache vya kinyesi ambavyo havijagusa ardhi, uvikoroge kwenye mfuko mwangavu wenye maji, uuning'inize kwa dakika 15, kisha upapase kona ya chini kwa vidole. Ukiugusa mchanga utaujua.

Chakula chake hasa ni majani, tena mengi, yaliyogawanywa kwa siku nzima, kwa kuwa tumbo lake ni dogo na linataka kufanya kazi polepole bila kukaa tupu. Farasi wa kilo 400 anahitaji kati ya kilo 6 na 8 za majani yaliyokauka kwa siku, na maji lita 25 hadi 50, zaidi siku za joto au za kazi. Ukoka wako ni mzuri lakini ekari 4 zenye minazi hazitawatosha wawili mwaka mzima, hivyo itakubidi ukate na kukausha majani mwezi Mei yanapokuwa bado na nguvu, uyahifadhi juu ya kichanja mahali pakavu. Pumba za mahindi watu watakuambia ni rahisi, na ni kweli ni rahisi, lakini ukizifanya chakula kikuu bila kuongeza chokaa ya mifugo, mifupa yake itanyonywa kalsiamu na uso utavimba taratibu kama umejaa ndani. Mahindi yenye ukungu usimpe kabisa, hata kama ni gunia zima litapotea. Sumukuvu haina huruma, na ukungu mwingine wa mahindi huyeyusha ubongo wa farasi. Na kwa kuwa unakaa kwenye mikorosho, mara tu msimu wa kupuliza salfa na dawa unapoanza, waondoe upande huo, wasile majani yaliyopata vumbi lile.

Kila siku utainua miguu minne, mmoja mmoja, na kuchokoa tope na vijiwe kwenye kwato. Kazi hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Unasimama ukielekea mkia wake, unateremsha kiganja kutoka begani mpaka juu ya kifundo, unabana kidogo, na mnyama mwenye uzito unaokuzidi mara sita anakupa mguu wake uushike. Anakuegemea. Unausikia moyo wake ukipiga polepole, mara 30 na kidogo kwa dakika, huku wako ukienda mara mbili ya huo. Wakati wa masika chokoa asubuhi na jioni, kwa sababu kwato zikikaa kwenye unyevu huoza katikati na kutoa harufu ambayo huwezi kuikosea. Kila baada ya wiki 6 hadi 8 zinahitaji kukatwa, na hapa ndipo penye ugumu wako mkubwa, kwa sababu fundi wa kwato huku kusini sijui utamtoa wapi. Mimi ningekwenda kwa mjomba nikajifunze mikononi mwake, angali ana nguvu ya kunielekeza.

Kuhusu kupanda, binti yako asipande akiwa peke yake, avae kofia ngumu, na jumla ya mpandaji na matandiko isizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi. Kabla hajapanda, apitishe vidole viwili chini ya mkanda wa tumboni. Visipopita umebana mno, vikipita vinne tandiko litamzungukia. Mfundishe amwendee kutoka upande wa bega huku akiongea, kwa kuwa farasi huona karibu kila upande isipokuwa nyuma yake kabisa na mbele ya pua yake.

Na furaha? Siku moja maji yatakapokuwa yamekupwa, mchanga wa ufukweni ukiwa mgumu na jua bado halijawa kali, wapelekeni wote wawili kwa hatua za taratibu hadi mahali maji yanapofika kwenye vifundo. Watayaogopa mwanzoni. Halafu yule dume atainamisha kichwa, atayapuliza, na atayapiga kwa mguu wa mbele kama mtoto.

MwenyePundaNachingwea alijibu:

Mama, mimi nitasema tofauti kidogo, na naomba usinielewe vibaya. Nina punda wanne wanaonibebea maji na mazao, na nawapenda. Punda hustahimili yale ambayo mzee ameyataja kwa kiasi ambacho farasi hawezi. Kama shauku yenu ni kuishi na mnyama wa aina hii, na si lazima awe farasi, punda wawili wangekupa karibu yote hayo kwa nusu ya hofu. Nasema hivi kwa sababu farasi huishi miaka 25, hata 30. Yule jike wa miaka 9 anaweza kuwa bado anasubiri maji yake siku binti yako atakapokuwa ameolewa na kuhamia mbali, na swali la nani ataamka alfajiri wakati huo linapaswa kujibiwa sasa.

MamaWaMikindani aliandika:

Mzee, shikamoo, na nawashukuru nyote. Nimeyasoma maneno yenu mara tatu, na mara ya tatu niliyasoma kwa sauti mbele ya mume wangu na binti yangu.

Ndugu wa Nachingwea, sijakuelewa vibaya hata kidogo. Swali lako ndilo lililotukalisha kimya. Kama ningekuwa natafuta mnyama wa kununua, ningefuata ushauri wako. Lakini hawa wawili wapo tayari, wana umri wao, wana mazoea yao, na mjomba akiwauza sijui wataishia mikononi mwa nani. Tumekubaliana nyumbani kwamba wakija, ni wangu mimi na si wa mtoto, ili akiondoka asiwe na deni.

Nilimpigia mjomba jana. Wamechanjwa, na cheti anacho, lakini chanjo ya mwaka huu bado. Daktari wake atawachanja kabla ya safari. Aliponisikia nikiuliza habari za amitrazi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe uliuliza watu." Nadhani ndipo alipoamini kwamba nimeanza kulichukua jambo hili kwa uzito wake. Mwaka huu hawatakuja. Nitatumia msimu huu kujenga banda na hori na kukausha majani, na mwezi Januari nitakwenda kukaa kwake wiki sita nijifunze kukata kwato. Wakija, itakuwa Julai ya mwaka unaofuata.

Nimebakiwa na maswali mawili. Lori lipite usiku au mchana? Na je, naweza kuanza na mmoja, yule dume ambaye ni mtulivu, ili nipunguze mzigo wa mwanzo?

BwanaMifugoMstaafu alijibu:

Marahaba, mwanangu. Mbung'o huuma mchana, tena hufuata gari linalokwenda, wakati usubi ni wa usiku. Katika Julai usubi ni wachache, hivyo kipande cha kutoka Rufiji kuja Lindi kipitwe usiku, na lori lisisimame karibu na maji. Sehemu za mchana lifunikwe pembeni kwa wavu, na kila baada ya saa nne dereva asimame kivulini wapewe maji. Wasifungwe vichwa juu muda wote, kwa kuwa farasi asiyeweza kuinamisha kichwa safarini hushindwa kutoa vumbi kwenye koo na hufika na homa ya mapafu.

SaisiWaZamani alijibu:

Dada, usiwatenganishe. Farasi ni mnyama wa kundi, na hao wawili wameishi pamoja miaka yote hiyo. Ukimleta dume peke yake atatembea kandokando ya uzio mchana kutwa akiita, hatakula vizuri, na kule mlimani jike atafanya vivyo hivyo. Waje kwenye lori moja, na kwenye banda jipya waweke mahali wanapoweza kugusana pua. Leta pia marobota machache ya majani ya huko kwa mjomba, uyachanganye na ya kwako kwa siku 10 za kwanza, ili matumbo yao yasistuke. Na ukienda Januari, mwombe akufundishe kwa yule jike kwanza. Ukiweza kushika mguu wa nyuma wa farasi mwenye wasiwasi, wa mtulivu hautakusumbua.